Miezi tisa bila fuwele: je, nibadili uwanja wa utafiti?

"Shikamoo Profesa. Nimemaliza uzamili wa kemia, na msimamizi wangu anataka niendelee na uzamivu juu ya changamano za shaba na kobalti, yaani metali iliyozungukwa na molekuli ziitwazo ligandi, hapa za besi ya Schiff (zenye kifungo maradufu cha kaboni na nitrojeni). Mradi mzima unategemea kupata fuwele za kupimwa kwa eksirei. Kwa miezi tisa sasa nimepata unga tu. Idara yetu haina difraktomita, yaani mashine ya kupimia fuwele kwa eksirei, kwa hiyo sampuli hutumwa mbali na majibu huchelewa. Wenzangu wananiambia fani hii imekwisha: mashine hutatua muundo kwa dakika chache, na akili unde itamalizia kilichobaki. Nyumbani nako wanaogopa habari za eksirei. Je, nijenge maisha yangu ya utafiti humu, au nibadili mapema kabla sijapoteza miaka?"

Marahaba. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake yamo maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. La kwanza ni kama una mkono wa kazi hii, na unajijibu mwenyewe kwa kuutazama unga uliomo kwenye chupa zako. La pili ni kama kazi yenyewe itakuwepo utakapofika umri wangu. Nitayatenganisha, maana unga wako hausemi lolote kuhusu mustakabali wa fani, wala kasi ya mashine haisemi lolote kuhusu mkono wako.

Nianze na unga. Fuwele hukua pale myeyusho unapobeba zaidi ya uwezo wake na kulazimika kuacha sehemu ya mzigo. Kuacha huko kuna hatua mbili zinazoshindana: kuzaliwa kwa mbegu, yaani vikundi vidogo vya molekuli vilivyokwisha kujipanga, na kukua kwa mbegu zilizokwisha kuzaliwa. Myeyusho ukivuka kikomo kwa ghafla, mbegu huzaliwa kwa mamilioni, kila moja inagombea molekuli zilizobaki, na mwisho wake ni unga. Ukivuka polepole, mbegu chache hupata chakula cha kutosha. Difraktomita ya kawaida inahitaji fuwele moja yenye upana wa milimita 0.1 hadi 0.3, basi. Changamano za shaba zenye besi ya Schiff mara nyingi ni bapa, hazina chaji na haziyeyuki vizuri, kwa hiyo hupangana kama sahani na kudondoka mara tu metali inapokutana na ligandi. Kama unachanganya ukiwa na moto chini na kikorogeo ndani, kisha unachuja na kuacha kiyeyushi kikauke chote, basi umechagua unga bila kujua.

Jaribu kuigeuza njia. Weka myeyusho wa ligandi chini ya neli nyembamba, mwaga juu yake tabaka la kiyeyushi kitupu kama kizuizi, kisha juu kabisa weka myeyusho wa chumvi ya metali, taratibu, ukiutiririsha ukutani. Funga, weka mahali pasipotikisika, na usiiguse kwa wiki mbili. Kutoigusa ndiko kugumu kuliko yote. Nimewaona wanafunzi hodari wakiinyanyua neli kila asubuhi kuitazama kwenye mwanga, na kila wakiinyanyua tabaka zinachanganyika. Njia nyingine ni kuweka kichupa kidogo chenye myeyusho wako ndani ya kikubwa chenye kiyeyushi tete kisichoiyeyusha kampaundi, mvuke wake ukahamia ndani kidogo kidogo. Na kama changamano ina chaji, badili ioni iliyo upande wa pili: heksaflorofosfati, nitrati na tetrafenilborati huleta fuwele tofauti kabisa kutoka kwa ioni ile ile ya metali. Utaona makala nyingi za zamani zikisifu perklorati kwa kazi hii. Ni kweli inaleta fuwele nzuri, lakini perklorati ya changamano yenye ligandi za kikaboni inaweza kulipuka kwa kupashwa joto au kwa kukwaruzwa na kijiko, kwa hiyo usiiguse bila mtu mwenye uzoefu kusimama karibu nawe, na hata hapo iwe ni miligramu chache.

Siku utakapoona kitu king'aacho chini ya neli, usikimbilie kukichuja. Kitoe pamoja na myeyusho wake, kiweke kwenye tone la mafuta mazito chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, kisha zungusha meza yake. Fuwele moja nzuri huwaka na kuzimika yote kwa pamoja kila nyuzi 90. Ikiwa upande mmoja unazimika wakati mwingine bado unawaka, umeshika fuwele pacha au fundo la fuwele kadhaa. Mafuta yale si pambo. Fuwele nyingi za changamano zimebeba molekuli za kiyeyushi ndani yake, na zikitolewa hewani huanza kupasuka: utaiona iliyokuwa angavu kama kioo ikipata ukungu kutoka kwenye kingo kuelekea katikati, na ndani ya dakika mbili imekuwa chokaa. Ndiyo sababu tunaidaka kwa kitanzi kidogo ikiwa imezama kwenye mafuta na kuiingiza haraka kwenye mkondo wa nitrojeni baridi wa kelvini 100 hivi (karibu nyuzi 173 za Selsiasi chini ya sifuri), ambako mafuta huganda na kuishika. Kama sampuli zako husafirishwa zikiwa kavu kwenye karatasi, huenda fuwele ulikwisha kuzipata na zikafia njiani.

Kwa hiyo miezi tisa si hukumu. Mwanakemia Dorothy Hodgkin alipiga picha ya kwanza ya eksirei ya insulini mwaka 1935, na muundo wake ulikamilika mwaka 1969. Simtaji ili usubiri miaka 34, la hasha. Msimamizi anayekuwekea uzamivu mzima juu ya fuwele ambayo haijawahi kuonekana anakukosea, na hilo nitalirudia. Ninamtaja kwa sababu katika miaka hiyo hiyo alitatua penisilini na vitamini B12, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1964. Hakuwa ameketi akiisubiri insulini.

Sasa niingie kwenye maneno ya wenzako. Wanaposema mashine hutatua muundo kwa dakika chache, wanasema kweli, na ni vema ujue ni kipi hasa kinachotatuliwa. Eksirei zikipita kwenye fuwele hutawanywa na elektroni za atomi, na kwa kuwa atomi zimejipanga kwa kurudiarudia, mawimbi hayo huimarishana katika pande fulani na kufutana katika nyingine. Kigunduzi kinapokea maelfu ya madoa na kupima ukali wa kila moja. Kisichopimika ni fezi, yaani wimbi lilifika likiwa kileleni au bondeni, na bila fezi huwezi kurudi kutoka kwenye madoa hadi kwenye ramani ya elektroni. Kitendawili hicho ndicho kilichokula maisha ya watafiti wengi. Patterson alitoa mbinu mwaka 1934 ya kuzitafuta atomi nzito bila kujua fezi. Hauptman na Karle walitunzwa Nobel mwaka 1985 kwa hesabu za kuzikadiria fezi moja kwa moja kutoka kwenye ukali wa madoa. Na leo programu humaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Hapo ndipo wenzako wanapoishia.

Lakini ramani ya elektroni haijaandikwa majina ya atomi. Inaonyesha vilima, na wewe ndiye unayesema kilima hiki ni nitrojeni na kile ni oksijeni. Kaboni ina elektroni sita, nitrojeni saba, oksijeni nane. Kobalti ina 27, nikeli 28, shaba 29. Ukiweka nikeli mahali pa kobalti programu italalamika kidogo sana, na pengine isilalamike kabisa. Mwaka 2010 jarida la Acta Crystallographica Section E lilitangaza kufuta makala zipatazo 70, baada ya kubainika kwamba data za kweli za muundo mmoja zilitumiwa tena na tena huku atomi zikibadilishwa, mara nyingi metali moja ikiwekwa mahali pa nyingine. Zilikuwa zimepita. Mashine haikuona tatizo. Waliogundua walikuwa watu, wakisaidiwa na vipimo vya kulinganisha data, waliojua kwamba urefu wa vifungo na ukubwa wa mitikisiko ya atomi vilikuwa havifanani na kemia iliyodaiwa.

Huo ulikuwa udanganyifu. Kosa la nia njema ni rahisi zaidi, na langu nitakusimulia. Mwanzoni mwa kazi niliandika rasimu juu ya changamano yenye atomi mbili za shaba zilizounganishwa na daraja la hidroksidi. Kigezo cha R, kinachopima tofauti kati ya madoa yaliyopimwa na yale yanayotabiriwa na muundo, kilikuwa chini ya asilimia 4, na picha ilipendeza kiasi kwamba nilishaanza kuiona kwenye jalada la jarida. Mhakiki mmoja akauliza kwa sentensi moja: ikiwa chumvi niliyotumia ilikuwa tetrafloroborati, nilijuaje kwamba daraja lile si floridi? Sikujua. Oksijeni ina elektroni nane, florini tisa, na ile hidrojeni iliyokaa juu ya oksijeni yangu ilikuwa imewekwa na programu kwa kukokotoa, sikuwahi kuiona. Nilirudia usanisi, yaani kuitengeneza kampaundi, kwa nitrati na daraja halikutokea tena. Tetrafloroborati ilikuwa imevunjika polepole kwenye neli na kuitoa floridi yake kwa shaba. Makala ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza, kwa kuwa sasa ilieleza mmenyuko ambao sikuwa nimeupanga.

Wakubwa zaidi yangu wamewahi kuingia mtego wa namna hiyo. Kwa miaka karibu 20 wanakemia walijadiliana juu ya changamano za molibdeni zenye kifungo kimoja cha molibdeni na oksijeni, za buluu na za kijani, ambazo fuwele zilionyesha zikitofautiana kwa urefu wa kifungo hicho tu. Nadharia ziliandikwa kueleza jinsi kifungo kinavyoweza kuvutika na kubaki hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikathibitishwa kwamba ya kijani ilikuwa ni ya buluu iliyochanganyika, ndani ya fuwele ile ile, na kampaundi ya njano yenye klorini mahali pa oksijeni. Klorini ina elektroni nyingi na hukaa mbali zaidi na metali, hivyo kiasi kidogo chake kiliisogeza nje ile "oksijeni" iliyoonekana kwenye ramani. Buluu na njano hufanya kijani. Hata mtoto mwenye rangi za kuchorea anajua. Ninaipenda habari hii kuliko zote za fani yangu, na ninaomba uikumbuke kila utakapoona kifungo cha ajabu.

Kuhusu akili unde, jibu langu ni fupi. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2024 ilikwenda kwa kazi za protini, mojawapo ikiwa ni utabiri wa maumbo ya protini kwa kompyuta, na kompyuta ile ilijifunza kutoka kwenye miundo iliyopimwa kwa mikono kwa miongo mingi. Metali za mpito, kama chuma, kobalti na shaba, ni wakaidi zaidi: ioni ile ile ya chuma yenye chaji mbili ikizungukwa na nitrojeni sita inaweza kuwa na vifungo vya karibu angstromu 2.0 au vya karibu 2.2 (angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita), kutegemea jinsi elektroni zake zilivyojipanga, na mabadiliko ya joto yanatosha kuitoa hali moja hadi nyingine. Kukokotoa ni lipi litatokea bado ni kazi nzito. Kupima fuwele moja katika joto mbili na kuona tofauti ni kazi ya siku moja.

Hapa ndipo ninapofika kwenye ushauri wenyewe. Usiichague elimu ya fuwele kama mtu anayechagua chombo; chagua swali la kemia ambalo chombo hiki kinalijibu vizuri kuliko vingine. Mwanakemia Alfred Werner alipendekeza mwaka 1893, bila eksirei hata moja, kwamba ligandi sita huizunguka kobalti katika umbo la oktahedroni, na hoja yake aliijenga kwa kuhesabu isoma, yaani kampaundi zenye fomula moja na mpangilio tofauti: hatimaye changamano yenye amonia nne na kloridi mbili ilipatikana katika namna mbili tu, kijani na zambarau, wakati maumbo mengine yaliyofikirika yangetoa tatu. Swali lilikuwa kubwa, na fuwele zilipokuja baadaye zilithibitisha. Hodgkin naye, mwaka 1961, akiwa na Lenhert, alionyesha kwamba katika koenzaimu B12 kobalti imefungwa moja kwa moja na kaboni, jambo lililowashangaza wengi kukutwa ndani ya kiumbe hai. Na tuzo ya kemia ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Kitagawa, Robson na Yaghi kwa mifumo ya metali na molekuli za kikaboni yenye matundu ya kuhifadhi gesi, uwanja ambao usingeeleweka hata kidogo bila fuwele. Nakutajia hiyo ujue kwamba fani inayosemwa imekwisha bado inakula kwenye meza kuu.

Changamano nyingine ya shaba yenye besi ya Schiff, iliyopigwa picha na kuwekwa kwenye hifadhi ya miundo, haitakujengea jina. Hifadhi ya Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 1965 na Olga Kennard, ilivuka miundo milioni moja mwaka 2019. Kuongeza wa milioni moja na kitu si utafiti mpaka muundo huo ueleze jambo. Chukua salfeti ya shaba, zile fuwele za buluu ulizozijua tangu sekondari, ambazo pia ndizo Friedrich na Knipping walizopitishia eksirei mjini Munich mwaka 1912 kwa wazo la mwanafizikia Max von Laue. Fomula inasema molekuli tano za maji kwa kila shaba, na inanyamaza hapo. Muundo unasema nne zimeishika shaba kwa umbali wa karibu angstromu 1.95, oksijeni mbili za salfeti zinaikaribia juu na chini kwa karibu 2.4, na molekuli ya tano haiigusi shaba kabisa, imeshikwa na vifungo vya hidrojeni pembeni. Kutoka kwenye namba hizo chache unaanza kueleza rangi, usumaku, na kwa nini maji hutoka kwa awamu yakipashwa joto. Namba za namna hiyo ndizo unazozitafuta kwenye shaba yako, na swali lako liwe limeulizwa kabla fuwele haijaota.

Kwa hiyo mwendee msimamizi wako na pendekezo. Theluthi mbili za uzamivu zisimame hata kama hakuna fuwele moja: usanisi, uchambuzi wa elementi, spektra, usumaku, utendaji wa kichocheo au chochote mnachokitafuta. Unga wako nao una kazi, kwa kuwa difraksheni ya unga inakuonyesha kama chupa nzima ni kitu kimoja, na baadaye inathibitisha kama fuwele ile moja uliyoipenda inawakilisha chupa au ilikuwa mgeni aliyezaliwa kando. Akikataa kabisa, akasisitiza kila sura ya tasnifu ihitaji fuwele, hapo ndipo ningefikiria kubadili, na ningebadili msimamizi kabla ya kubadili fani.

Kukosa difraktomita ni kikwazo cha kweli, na sitakupambia. Kunakupunguzia kasi na kunakunyima jicho linalokuja kwa kukaa kwenye chombo. Lakini wengi wanaofanya kemia ya metali hawana chombo chao, wana mshirika. Omba kwenda kukaa kwenye maabara inayokupimia kwa wiki kadhaa, uchukue data mwenyewe na kuzisafisha mwenyewe. Programu nyingi za kutatua na kusafisha miundo ni bure kwa wanachuo, na unaweza kuanza leo kwa faili za miundo iliyochapishwa. Kwa fuwele ndogo mno kuna sinkrotroni, mitambo mikubwa inayotoa eksirei kali sana, ambazo hupokea maombi ya watafiti kutoka nje na kuyapima kwa ubora, na tangu mwaka 2018 difraksheni ya elektroni imeonyesha kwamba chembe zilizo chini ya maikromita moja, yaani unga wako huo huo, zinaweza kutoa muundo. Vyombo vyake bado si vingi. Na unapotuma kobalti, omba eksirei zinazotolewa na bomba lenye molibdeni badala ya zile za bomba lenye shaba, kwa sababu kobalti humeza mawimbi ya shaba na kuyatoa upya kama mng'ao unaozifunika data.

Wa nyumbani waambie hivi: eksirei za difraktomita hutoka kwenye bomba la umeme, na umeme ukizimwa hakuna kinachobaki, wala sampuli haigeuki kuwa na mnururisho. Mashine ya kisasa imefungwa ndani ya kabati ambalo mlango wake ukifunguliwa shata ya eksirei hujifunga. Hatari huja pale mtu anapouchezea ufungaji huo ili kuharakisha kazi. Ukimwona mtu akifanya hivyo, toka chumbani na umtafute afisa wa usalama wa mnururisho siku hiyo hiyo. Ukiwa mjamzito au ukihisi umepigwa na miale, mwone yeye na daktari ana kwa ana, usiniandikie mimi. Kusema kweli, katika maabara ya changamano ninaogopa zaidi viyeyushi na zile perklorati.

Kuna mambo mengine ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Ukipata muundo wenye atomi zilizochorwa kama mayai marefu mno au bapa mno, kilima cha elektroni kilichobaki pasipo na atomi, kifungo kisichofanana na ndugu zake kwenye hifadhi, au programu ikikataa kuchagua kundi la ulinganifu, usiutengeneze peke yako hadi ukae sawa. Keti bega kwa bega na mtaalamu wa fuwele mbele ya kompyuta moja, ukiwa na faili la data ghafi, daftari la usanisi linaloonyesha kila chumvi na kila kiyeyushi kilichoingia kwenye neli, na, ikiwezekana, fuwele chache zilizobaki kwenye myeyusho wake. Swali la kwanza atakalokuuliza litakuwa ni rangi gani. Uwe umeiandika siku ile ile ulipoiona.